Siku Tatu za Kumficha Msiba

Mtu aliyenifundisha kuhesabu alama za tenisi hakuweza tena kuinama avae soksi zake mwenyewe. Nilimvalisha mimi, kila asubuhi saa mbili, nyumbani kwake Minto, mwaka ule wa pili wa korona, Sydney yote ikiwa imefungwa. Nilitoka Macquarie Fields kwa treni, vituo viwili tu, kibali kipo kwenye simu na pua imepimwa kila siku ya tatu. Yeye alikuwa Mwargentina wa miaka sitini na nane, mjane, ametoka kubadilishwa nyonga ya kulia. Zamani alicheza tenisi ya kulipwa kwa miaka kumi na mbili. Mimi sikuwa nimewahi kutazama mechi hata moja. Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini. Nikamuuliza ile tano imeliwa na nani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Kazini, kwenye kampuni ya kuhudumia wagonjwa majumbani, walitaka tuwaite wateja kwa majina yao ya kwanza. Mimi nimelelewa Tanga, na mdomo wangu haukubali kumwita kwa jina mtu aliyenizidi umri wa kunizaa. Nikamwita mama. Yeye aliniita binti, ingawa nina mvi zangu. Tulizungumza Kiingereza, chake kimejaa Kihispania na changu kimejaa Tanga, na tulielewana kuliko nilivyowahi kuelewana na msimamizi wangu.

Hakuwa mchezaji maarufu, na alilisema hilo mwenyewe kabla hujamuuliza. Alikulia Rosario, huko kwao Argentina, kwenye klabu ambayo baba yake alikuwa mtunza viwanja. Kazi yake ya utotoni ilikuwa kumwagia maji lile vumbi jekundu la matofali linalotandazwa uwanjani ili lisipeperuke. Alipoanza kucheza peke yake alitolewa mapema kila alikokwenda, miaka mitatu mfululizo. "Mapafu yangu yalikuwa ya dakika arobaini," aliniambia. Ndipo msichana mmoja wa klabu ya jirani, mrefu, mwenye mkono mzito wa kuanzisha mpira, alipomwomba wacheze wawili wawili, kwa sababu mwenzake wa mwanzo alikuwa ameolewa. Wakacheza pamoja miaka tisa.

Miaka hiyo tisa niliisikia vipande vipande, huku namkausha mgongo au namtia mafuta miguuni. Waliocheza peke yao walipewa uwanja wa katikati na watazamaji. Wa wawili wawili walipewa uwanja wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, saa ambayo watu wanatafuta njia ya kwenda nyumbani. Walilala kitanda kimoja, walifua sketi kwenye sinki, walipokezana pasi. Yeye alikaa mbele kwenye wavu, mwenzake nyuma. Aliniambia kwamba miaka yote ile hakumwona mwenzake akianzisha mpira kwenye mechi, kwa sababu aliye mbele hageuki. Alimjua kwa mlio wa viatu. Na baada ya kila mpira, wameshinda au wameshindwa, waligusana viganja. Hiyo ndiyo desturi ya wachezaji wawili. Mwenzako akifanya upuuzi ndiyo kwanza unampa kiganja, mnaendelea na mpira unaofuata.

Na mimi akanilazimisha. Mtaalamu wa viungo alikuwa amempangia hatua kumi kwenye korido, apumzike, kisha kumi tena, na kila akimaliza kumi alinyosha mkono. Nilimgusa, nikiwa na glovu, barakoa na ile ngao ya plastiki usoni. Nilimgusa kama mtu anayetia sahihi daftari la mahudhurio. Sikuwa na ubaya naye. Mwaka ule sikuwa na ubaya wala wema na mtu yeyote.

Mwezi wa pili wa mwaka huo mama yangu mzazi alikuwa amefariki Tanga. Changamoto ya upumuaji, walisema, kama walivyosema kwa wengi siku zile. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba kwa simu akiwa peke yake. Mdogo wangu wa kiume alinipigia: "Dada, shikamoo. Mama anaumwa kidogo. Hali si nzuri sana, tumwombee." Alipokuwa akisema hayo, mama alikuwa ameshazikwa tangu jana yake. Mdogo wangu alikuwa bado anatafuta mtu wa kuja kwangu. Jumamosi wakaja wanawake watatu wa Kitanzania, wengine kutoka mbali huko Blacktown, wamebeba sufuria la pilau. Wakakaa, wakasifia mapazia yangu, ambayo hayana sifa yoyote, na hapo nikajua. Mkubwa wao akaniwekea mkono gotini. "Mdogo wangu, jikaze. Mama katutoka." Nikasema innalillahi, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Machozi hayakuja siku ile wala wiki zilizofuata. Jumatatu nikaenda kazini kama kawaida. Sikumwambia mtu, maana ukiwaambia wanakupa fomu ya kujaza.

Sasa yule mama wa Minto na mwenzake waliachana kwa sababu ya kiganja. Walikuwa wamefika nusu fainali ya mashindano makubwa, hapahapa Australia, mbali kuliko walivyowahi kufika. Mwenzake alikuwa anaanzisha mpira ambao wakiupoteza mechi imekwisha. Wa kwanza, kati ya miwili anayoruhusiwa anayeanzisha, uliishia kwenye wavu. Wa pili ukatoka nje. Ikawa basi, wapinzani wao hata hawakutumia raketi. Mwenzake akamjia, mkono ameunyosha. "Nikautazama ule mkono," aliniambia, "nikaenda kukaa kwenye kiti." Mwenzake alibaki amesimama pale, mkono hewani, watu wanatazama. Kesho yake akapanda ndege kurudi Rosario. Yule mama alibaki Sydney, akaolewa na fundi aliyekuwa akifunga nyuzi za raketi, akafundisha watoto wa Minto na Campbelltown kwa miaka thelathini. Kila mwaka mpya wawili hao walitumiana salamu. Siku ile hawakuwahi kuitaja.

Mwezi wa nane tukapata habari kwamba mwenzake amelazwa Rosario kwa korona, yuko kwenye oksijeni. Aliyetuletea habari ni binti wa mgonjwa, mwalimu wa Kiingereza, ambaye naye hakuruhusiwa kuingia wodini. Baada ya kubembelezwa sana, nesi mmoja alikubali kumshikia mgonjwa simu dakika tano, Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, saa za Sydney. Yule mama alitaka kitu kimoja tu: kumwomba radhi kwa ule mkono kabla mtu hajafa. Akaanza kujifunza maneno yake. Hatua kumi na sentensi, hatua kumi na sentensi, kisha kiganja. Sijui Kihispania, lakini ilifika mahali nikajua neno gani linafuata.

Jumatano simu ililia yeye akiwa bafuni, amekaa kwenye kiti cha kuogea. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na jua la viwanjani, hivyo simu yake mara nyingi niliipokea mimi. Nilitoka nayo kwenye korido. Binti alizungumza taratibu, kama anayesomea watoto imla. Mama yake amefariki saa moja iliyopita. Watamzika haraka, watu wachache. Sala ya kumuaga itafanywa kwa mtandao kesho, saa ileile ya miadi yetu, atatuma kiungo cha kuingilia. Tafadhali mwambie. Nikasema nitamwambia, nikampa pole.

Nilirudi bafuni.

"Nani huyo?"

"Binti wa mwenzako. Anasema hali si nzuri sana, tumwombee."

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, yaleyale niliyopewa mimi. Nilichukua sponji nikaendelea na mgongo. Moyoni nikajiambia kwamba mtu haambiwi msiba akiwa uchi na sabuni masikioni, kwamba kwanza nitafute mtu wa kuja kukaa naye, halafu tutamwambia vizuri, tukiwa wawili watatu.

Nikamtafuta huyo mtu. Mwanawe wa pekee alikuwa Perth, na Perth ilikuwa imetufungia mpaka. Nilimpigia nikiwa nasubiri treni. "Mwambie tu," alisema, "mama yangu ni mgumu." Nikamwona hana adabu. Majirani hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Padri wake alikuwa anasomea misa kwenye kompyuta. Hapakuwa na mtu yeyote wa kuja na sufuria la pilau.

Alhamisi nilimkuta ameshavaa, amekaa sebuleni, amepaka rangi ya mdomo. Aliipaka bila kuona vizuri na ilikuwa imepanda kidogo upande mmoja. Nikamwambia nesi ameahirisha. Saa mbili na nusu kiungo kikaingia kwenye simu yake, nikaigeuza kifudifudi mezani. Wakati Rosario wanamuaga mwenzake, sisi tulikuwa kwenye korido na hatua zetu kumi kumi, na yeye anakariri ombi lake la radhi. Nilijua kwamba ninafanya jambo baya. Nilijua kama ninavyojua leo ni siku gani, basi, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Ijumaa tukafanya vilevile.

Jumamosi simu ilikuwa karibu naye kuliko mimi. Akaipokea mwenyewe. Alikuwa binti wa Rosario. Mama alianza kwa furaha, kisha sauti ikashuka. Akauliza swali. Akaliuliza tena. Katikati ya maongezi aliinua macho akanitazama, mara moja tu. Alipomaliza aliiweka simu juu ya goti.

"Jumatano," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nikiwa naoga."

"Ndiyo."

"Na Alhamisi nimekaa hapa na rangi ya mdomo."

Nikamweleza. Kwamba kwetu ndivyo tunavyofanya, kwamba ni heshima, mtu habebeshwi msiba peke yake, nilikuwa natafuta mtu. Nilieleza kirefu na Kiingereza kikaniishia njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Binti, mimi nimeshindwa mbele ya watu maisha yangu yote. Hakuna aliyeniletea mtu wa kunishika mkono. Ningeweza kumuaga. Siku tatu nimeongea na maiti, na wewe unanisugua mgongo. Nani alikupa haki hiyo?"

"Nisamehe, mama."

"Leo sitaki," alisema.

Nilidhani atapiga simu ofisini waniondoe, na sijui kama ningejali. Hakupiga. Alisema ingembidi amfundishe mwingine upya habari ya soksi. Wiki iliyofuata alimsimulia yule binti ule mkasa wa mkono na akamwomba radhi yeye. Binti alishangaa. Hakuwahi kuusikia. Mama yake hakuwa amemsimulia mtu yeyote nyumbani, miaka yote ile. Hilo lilimuumiza yule mama wa Minto kuliko kifo chenyewe. Alikaa dirishani siku nzima na hatua kumi za siku ile hatukuzifanya.

Kuanzia hapo hakuninyoshea mkono tena. Badala yake, kila asubuhi, hata sijaweka mkoba chini, aliniuliza, "Leo nani amekufa?" Haukuwa utani.

"Hakuna, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Ndipo anainua mguu nimvishe soksi. Wiki zikapita hivyo, kila siku swali moja na jibu moja. Ukafika mwezi wa kumi, mji ukaanza kufunguliwa, watu wakajipanga foleni kwa vinyozi. Asubuhi moja nilifika nimelowa mvua, nikapiga magoti sakafuni nikiwa tayari na soksi ya kulia.

"Leo nani amekufa?"

"Mama yangu," nikasema.

Sijui kwa nini siku ile. Aliushusha mguu.

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

Alihesabu kimyakimya. Nilimwona akirudi nyuma mpaka kwenye ile Jumatano, na nyuma yake zaidi. Hakunipa pole. Aliniuliza nani aliniambia mimi, nikamsimulia habari ya mdogo wangu, wale wanawake, mapazia.

"Na wewe umemwambia nani?"

Nilijaribu kukumbuka. Ndugu zangu walijua kabla yangu. Wale watatu walikuja wakijua. Ofisini sikujaza fomu. Hakuna mtu duniani aliyekuwa ameisikia habari hii kutoka kinywani mwangu.

"Wewe," nikasema, na hapo ndipo nilipoanza kulia, palepale sakafuni, miezi minane baadaye.