Kasuku wa Chini ya Ugali

Mimi ukinitajia sahani yenye picha mpaka leo naangalia pembeni, na mawifi zangu wanalijua hilo, ndiyo maana wakija kwangu hawakosi kuuliza kama kasuku hajambo. Basi niwasimulie mwenyewe, maana mkisikia kwao mtaambiwa na yasiyokuwepo.

Enzi hizo mume wangu alikuwa mgodini huku Geita, tunakaa kwenye nyumba za wafanyakazi, na mtoto wetu Masanja alipoachishwa ziwa akawa hali. Hali kabisa! Tonge moja analizungusha mdomoni kama kibogoyo, kisha anatema. Habari zikafika Shinyanga kwa mama mkwe (habari za mtoto asiyekula hupanda lori la kwanza), naye akatuma neno: mavuno yakiisha mniletee nimwone, nikikuta mbavu zinahesabika, anabaki huku. Kwa Wasukuma bibi kulea mjukuu si ajabu, lakini mimi Msumbwa wa Ushirombo nilikuwa na huyo mmoja tu, na nilitaka alale kwangu.

Ndipo nikanunua dukani sahani ya bati, katikati imechorwa kasuku wa kijani. Nikamfunika kasuku kwa ugali, nikamwambia mtoto, "Yuko chini, kula mpaka umwone." Weee! Akala. Kila siku akala, na kasuku akionekana tu, kwisha, hata umpe nyama hataki. Nami nikajiona mjanja, nikawa namfunika kasuku kwa ugali mnene zaidi na zaidi, mtoto anafakamia tu, mpaka mashavu yakajaa. Kama ameshiba au hajashiba sikuwahi kumuuliza, mimi nilikuwa naangalia sahani.

Siku ya safari nikaishika ile sahani, nikafikiri, nikairudisha chini ya kitanda. Nilijisemea, mkwe akiona mjukuu anakula peke yake kwenye sahani ya picha kama mtoto wa bwana mkubwa, nitasemwa mpaka nizeeke. Mashavu anayo, yanatosha.

Tukafika na mume wangu, mwangaluka zikapita, shikamoo zikapita, mama mkwe akamfinya mjukuu mashavu akafurahi, nami nikaanza kupumua. Jioni wanaume wakala kwenye moto wao uani, sisi wanawake na watoto tukazunguka chano kimoja cha mti, ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Adabu ya chano mnaijua, kila mtu anamega upande wake. Masanja akapeleka mkono katikati, akaongeza na wa pili, akawa anafukua, tonge mdomoni, tonge kwenye mkeka, macho yote chini.

"Huyu kweli wa mgodini," akasema wifi yangu mkubwa, watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Kisha akamuuliza, "Unatafuta nini, baba?"

"Namtafuta. Mama kasema yuko chini."

Mikono yote ikasimama. Jamani, ukweni, mtoto anafukua chakula cha bibi yake kwa sababu mama yake kamwambia kuna kitu chini! Hata ningekuwa mimi ningefikiri hivyohivyo, kwamba mwanamke huyu kamfundisha mtoto kuwa huku watu wanawekewa dawa kwenye chakula. Nikataka kurekebisha upesi, nikamgeukia mama mkwe, nikasema, "Si hivyo, mayu, ni kasuku tu."

"Kasuku," akasema mama mkwe. "Kwenye ugali wangu."

Nikaeleza duka, nikaeleza bati, nikaeleza rangi ya kijani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Mama mkwe hakubishana. Akakivuta chano kwake, akawa anakula taratibu, peke yake, mpaka mti ukaonekana, kisha akakiinua akanionyesha.

"Mama Masanja, umemwona?"

Kutoka uani baba mkwe akauliza kuna nini humo ndani, na wifi (Mungu anamwona) akajibu kwa sauti, "Wanamtafuta kasuku!" Wanaume wakaangua kicheko. Na Masanja, aliyekuwa amekula kuliko watoto wote kwa kuwa kasuku hajatokea na kituo kingine cha kuachia kula hakijui, akatapika yote kwenye khanga yangu mpya. Natamani ardhi ipasuke, haipasuki.

Asubuhi mama mkwe alisema maneno machache tu. "Sahani ibaki kwako. Mtoto abaki kwangu, mpaka ajue kushiba." Mume wangu alitazama viatu vyake. Nililia njia nzima, sitawaficha.

Mvua zilipoanza nikaruhusiwa kumchukua. Nilimkuta anagombea chano na binamu zake, kisha akanyanyuka mwenyewe, akajifuta mikono, ugali ungali umebaki. Nilishukuru, na nilisikia wivu pia. Niliapa sitamlisha mtoto kwa picha tena, na sahani ile niliiacha chini ya kitanda, mpaka siku moja akaiburura mwenyewe akaniletea nimpakulie.

Nikampakulia. Akala, akafika katikati, akaisukuma, kasuku bado amefunikwa. Ulimi ukaniponyoka, nikamuuliza, "Na kasuku je?"

"Mwache," akasema, ameshashika mlango. "Naye ale."