Sauti Yangu Kwenye Basi la Kasulu

Nilihamishiwa Kigoma kutoka Singida ile miaka ambayo watu wa Burundi walikuwa wanavuka kwa wingi na kupelekwa kambini, upande wa Kasulu. Kampuni ya mabasi niliyoifanyia kazi ilikuwa inaanza kadi za nauli. Abiria anagusisha kadi kwenye mashine mlangoni, inalia, anapanda. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha watu na kuwaonyesha namna ya kugusisha.

Mashine zilikuja zikiongea Kiswahili cha ajabu, kama cha mtu anayesoma asichokielewa. Bosi akaniita ofisini, akafunga madirisha, akaniwekea simu mbele ya mdomo ili anirekodi.

"Sema asante, karibu ndani. Sema kama unamwambia mgeni wako."

Nikasema. Nikarudia mpaka akaridhika. Kuanzia wiki iliyofuata sauti yangu ikawa inakaribisha watu kwenye kila basi la njia ya Kasulu.

Mimi mwenyewe sikuwa na wa kumkaribisha. Nilipanga chumba Bangwe, karibu na ziwa. Majirani walikuwa watu wema, tulisalimiana asubuhi, kisha wakarudi kwenye Kiha chao, lugha nisiyoijua, nami nikabaki nimesimama na ndoo. Jumapili baada ya kanisa nilifua hata nguo safi. Simu ya nyumbani ilikuwa fupi: "Hamjambo? Hatujambo. Haya mwanangu." Siku nyingine isiyo ya kazi jua lilizama upande wa Kongo na ndipo nikagundua kuwa tangu zile salamu za asubuhi sijafungua mdomo.

Jumapili moja nikapanda basi. Sikuwa na safari, nilitaka tu kukaa katikati ya watu. Niliketi siti ya mbele. Mashine ikawa inalia, na mimi nikawa ninaisikia sauti yangu, asante, karibu ndani, asante, karibu ndani, na hakuna aliyegeuza kichwa. Mpaka akapanda mama mmoja wa makamo, na kapu la migebuka wakavu, samaki wa ziwani.

"Asante, karibu ndani," mashine ikasema.

"Asante nawe, mwanangu," akaijibu, bila haraka. Akaja kukaa karibu yangu.

Nikamwamkia. Tulipofika njiani nikashindwa kunyamaza.

"Mama, ile sauti ni yangu."

Akanitazama. "Ipi?"

"Ya mashine."

"Hebu sema."

Nikasema, polepole, uso ukinichoma kwa aibu. Akapiga kofi pajani, akacheka mpaka abiria wakatugeukia.

"Mimi nilidhani ni mtu wa Dar es Salaam! Kumbe yupo hapa, amekonda hivi!"

Akaniambia habari zake. Kwake ni Kidahwe, njiani kabla ya Kasulu, anaishi peke yake. Binti yake aliolewa Burundi, na machafuko yalipoanza akavuka kwa boti mpaka Kagunga, upande wetu, na watoto wawili. Sasa alikuwa kambini. Kutoka humo kulihitaji kibali, na kuingia vilevile. Mama alikuwa anampelekea samaki. Siku nyingine aliruhusiwa kumwona, siku nyingine alirudi na kapu lake lilelile.

"Sasa wewe unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Siendi popote."

Hakucheka safari hii. Alisema, "Basi Jumapili ijayo ushuke Kidahwe."

Nilishuka. Alinipikia ugali wa muhogo na maharage ya mawese, akaniuliza habari za mama yangu, akaniambia nile, nile tena. Nikawa ninakwenda karibu kila Jumapili. Tulizungumza kidogo kuliko mtu angedhani. Yeye alichambua mboga, mimi nilichota maji. Huko Bangwe upweke ulibaki palepale, lakini ulikuwa na siku yake ya kupumzika.

Kisha wakimbizi wakaanza kurudishwa kwao. Binti yake akajiandikisha kurudi. Alisema amechoka kuishi hemani. Mama alikwenda kumuaga. Nilimkuta jioni uani kwake, ameketi juu ya kinu kilicholazwa, hajavua viatu.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Mjukuu mdogo amenipungia mkono kwenye dirisha la basi. Mkubwa alikuwa amelala."

Nikakaa chini kando yake. Giza lilipoanza kuingia nikasema kesho nina kazi.

"Gari la asubuhi lipo," akasema. "Lala hapa."

Nililala. Asubuhi akaniamsha na chai, akanisindikiza mpaka barabarani. Miezi michache baadaye nikarudishwa Singida. Nilipokwenda kumuaga nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani akasema mama amekwenda kwa kaka yake huko Manyovu, wala yeye hajui atarudi lini. Mama hakuwa na simu. Nikarudi barabarani kungoja basi.