Nyama ya Prantner

Notburga aliingia kwenye baa ya kijiji akiwa na grisi hadi viwikoni. Kabla hajasalimiwa, harufu ya nguruwe wa kuoka ilimpiga usoni. Misa ya Jumapili ilikuwa imekwisha, na jirani zake wote wa Obergschwend walikuwa wameinamia sahani, mafuta yakiwachuruzika videvuni.

"Shemeji, umechelewa!" alisema Ignaz, mdogo wa marehemu mumewe, mdomo umejaa. "Kaa ule. Leo hatulipi."

"Analipa nani?"

Ignaz akaelekeza uma pembeni. Bwana Prantner, tajiri mwenye mitambo ya skii, mchezo wa kuteleza thelujini, ng'ambo ya bonde, aliinua bilauri yake na kutabasamu.

Notburga alikuwa amekuja kupiga kura, si kula karamu. Prantner alitaka kununua malisho ya kijiji ayafanye maegesho ya magari ya wageni wake. Na juu ya malisho hayo ndipo uliposimama mtambo mdogo wa kamba, unaowavuta watoto hadi kileleni ili washuke wakiteleza. Mumewe aliujenga, na tangu afe, yeye ndiye aliyeuendesha. Ng'ambo kulikuwa na viti vya kupandia vilivyofunikwa vioo na mashine za kumwaga theluji hata mbingu zikikataa. Kwake, theluji isipoanguka, hakuna kazi. Msimu huu hata watoto wa kijiji walivuka bonde.

Lakini kilichomchukiza hasa ni ujanja. Prantner alikuwa ameoa hapo kijijini, na mila aliijua: ukila cha mtu, humpingi siku hiyo. Ndiyo maana alilisha kwanza.

"Mpeni Burga sahani," alisema Vinzenz, mtengeneza jibini. "Ananuka mashine, labda nyama itamsafisha!"

Wakacheka.

"Onja kidogo tu, mama," Prantner alimbembeleza. "Nguruwe hana siasa."

"Aliyemlipia anayo." Notburga akaisukuma sahani mbali. "Sijala. Naomba kura ilale."

Uma zikatulia. Hiyo nayo ilikuwa mila: mtu mmoja asiyeonja kitu anaweza kuahirisha kura hadi asubuhi, watu wote wakiwa na matumbo matupu. Mzee Kassian, mkuu wa kijiji, alijifuta midomo, akaonekana kama aliyemeza mfupa.

"Haki yake," alisema.

Notburga alirudi nyumbani na matumaini. Mkono mtupu haulambwi, alijiambia. Kesho mkono wa Prantner utakuwa mtupu, na hawa watu watarudiwa na akili. Si ndio hawahawa waliochimba mashimo ya nguzo pamoja na mumewe, ardhi imeganda kama chuma?

Asubuhi walikusanyika nje ya baa, matumbo yakinguruma. Prantner hakuwepo. Mzee Kassian aliuliza nani anakubali kuuza.

Mikono ikapanda. Wa Vinzenz. Wa mwenye baa. Wa Ignaz, ingawa aliuinua macho yakiwa chini kwenye viatu. Ukabaki wa Notburga peke yake, umeshikilia koti.

"Hamjala," alisema. "Leo hamjala kitu."

"Shemeji, usituangalie hivyo," Ignaz alinong'ona. "Tungeuza hata kwa supu ya maji."

Usiku kucha alikuwa ameilaumu nyama. Kumbe nguruwe wa watu hakuwa na kosa.

Mwenye baa akaleta mabaki ya jana, mafuta yameganda meupe juu yake, nao wakayagombania wakiwa wamesimama. Mtu akamnyooshea Notburga kipande kwenye ncha ya kisu.

"Sasa unaweza kula, Burga. Kura imekwisha."

Notburga akamtemea mate miguuni, akapanda malishoni kwenda kuishusha kamba ya mumewe kabla magari hayajaikanyaga.