Sikio la Bawa la Kulia

Harufu ya uji wa muhogo uliochacha hunirudisha uani kwetu Murusagamba, kiangazi kile nilipokuwa darasa la sita. Uji wenyewe haukuwa wa kunywa. Kaka yangu Deo, fundi baiskeli aliyeishia darasa la saba, alikuwa akiupaka kwenye shuka alizofunikia mabawa ya ndege aliyoiunda mwenyewe, ili kitambaa kikikauka kikaze. Injini ilitoka kwenye pikipiki, mwili ukatoka kwenye mabomba ya baiskeli na mbao za mti wa baba. Waliokwenda sokoni walimtania, "Deo, Bujumbura tunakwenda lini?" naye akicheka nao. Baba hakucheka. Alimwambia waziwazi kwamba kitu hicho kikishindwa siku ya kujaribiwa, mbao zake zitakuwa banda la kuku na yeye atasahau mambo ya angani.

Ilibaki kufunga masikio. Ndivyo Deo alivyoviita vile vibao viwili vya nyuma ya mabawa, kimoja kila upande, ambavyo rubani huviinua na kuvishusha ili ndege isilalie upande mmoja. Kila sikio lilivutwa na waya wa breki uliotoka kwenye usukani, na waya hizo zilipaswa kulingana kabisa, la sivyo sikio moja lingebaki limeinuka hata usukani ukiwa wima. Kupima alinipa mimi. "Mwenye hesabu humu ndani ni wewe," aliniambia, nami nikavimba kichwa. Futi hatukuwa nayo, nikachukua kamba ya mgomba. Nikailoweka kwanza, kama mama alivyotufundisha tunapofunga mizigo ya maharage, maana ikiwa kavu hukatika. Asubuhi nikapima na kukata waya wa kushoto, kisha tukaitwa kupiga maharage. Alasiri nikaiokota kamba ileile juani nilipoiacha, nikapima wa kulia. Haikunijia kabisa kwamba ilikuwa imekauka na kufupika.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uwanja wa mpira. Deo aliketi, akaushika usukani wima, nami nikasimama nyuma kukagua. Sikio la kulia lilikuwa limeinuka upana wa kidole. Niliona vizuri kabisa. "Yako sawa?" akauliza. Baba alikuwa pale, wasichana wenzangu wa darasani walikuwa pale, na mwenye hesabu nilikuwa mimi. "Yako sawa, kaka," nikasema, nikijidanganya kwamba kidole kimoja si kitu. Ndege ikakimbia, magurudumu yakaacha ardhi kidogo tu, kisha ikalalia kulia, bawa likakwama kwenye majani na kuvunjika. Deo alichubuka goti. Kilichomuumiza ni kicheko cha watu. Kesho yake baba alianza banda la kuku, na aliyemshikia misumari ni Deo mwenyewe. Tangu hapo akiulizwa husema, "Ndege zina wenyewe, kichwa changu hakifiki huko." Nilimsikia akisema hivyo hata siku ya harusi yangu, nikanyamaza. Najionea aibu mpaka leo.

Sasa nafundisha hisabati Biharamulo. Wanafunzi wangu hunionyesha kwenye simu vijana wa nchi za mbali wakirusha ndege walizounda uani kwao, na kuniuliza kama kwetu yupo wa kuweza jambo hilo. Likizo iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Deo akiziba pancha, mvi zimemjaa. "Shikamoo kaka." "Marahaba, Regina." Nikamweleza yote, kamba, waya, kidole, na uongo wangu. Nilitamani anitukane. Akaiweka chini tyubu aliyoishika, akafuta mikono polepole.

"Kwa hiyo hesabu zangu zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa, kaka."

"Ungesema pale pale, ningelegeza nati moja tu ya waya." Akaiokota tyubu. "Miaka ishirini na sita nimejihesabu mjinga."