Njia ya Mguu Mmoja Sakafuni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, na kwanza kabisa wajukuu zangu, kaeni chini. Msisome mmesimama kama watu wanaongoja basi. Mmeiona mifuko ya saruji barazani. Baba zenu wanataka kupiga sakafu nyumba hii ya Bombambili, hapa Songea, na mimi sikatai, vumbi nimelila vya kutosha. Ila kutoka mlango wa chumba changu mpaka mlango wa nje upo mfereji mwembamba kwenye udongo. Ninyi mnajikwaa hapo na kunong'onezana kwamba bibi amechoka, hasawazishi tena nyumba. Nawasikia. Mfereji ule nataka ubaki. Baba zenu wanasema utafukiwa. Basi nitawaeleza ulitoka wapi.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Mifupa sikufundishwa na mwalimu. Niliijua kwenye mbuzi wa Krismasi, halafu nikaijua vizuri zaidi kwenye mwili wa babu yenu.

Babu yenu alikuwa na mwendo. Wapo watu wanaotembea tu, na wapo wenye mwendo. Visigino vyake vilishuka sawasawa, ta, ta, ta, wala havikuwahi kubishana. Nilikuwa jikoni namsikia tangu kule kisimani, naanza kusonga ugali, na akiinama kuingia mlangoni sufuria inatoka motoni. Kwenye lizombe, ngoma yetu ya wanaume, akikanyaga ardhi wazee walikuwa wanageuza vichwa. Wanawake wenzangu wakinitania, "Wewe hukuolewa na mtu, uliolewa na miguu." Nikawajibu, "Na ninyi mliolewa na midomo, nani kala hasara?"

Ikaja miaka tuliyoiita ya ruksa. Sabuni ikarudi madukani, mitumba ikamwagwa sokoni, na mazao yaliyokuwa yananunuliwa na ushirika peke yake yakaanza kununuliwa na yeyote mwenye lori. Babu yenu akapata kazi ya kupakia magunia kwenye lori la mfanyabiashara mmoja, wakaenda Nalasi, huko Tunduru, kufuata korosho. Nilimwambia mvua ziko karibu. Akasema, "Mama watoto, ruksa." Siku hizo kila kitu kilikuwa ruksa. Mtu kachelewa misa, ruksa. Mtu kajisaidia ukutani kwa jirani, ruksa.

Gunia liliteleza juu ya lori naye yuko kwenye ubao wa kupandia. Wakaanguka pamoja, gunia juu, yeye chini. Ukakatika mfupa wa paja, ule ulio mkubwa kuliko yote mwilini. Barabara ilikuwa imeshageuka tope na lori halitoki, kwa hiyo wenyeji wakamwita mzee wao anayeunga mifupa. Mimi nilipata habari kwa utingo wa lori lingine lililofaulu kupenya tope, nikafunga kanga, nikaenda.

Nilimkuta amelazwa kwenye mkeka, nyumbani kwa mkulima mmoja wa korosho, Mwislamu, mtu mkarimu sana. Mguu umefungwa vibanzi vya mianzi kutoka nyongani mpaka kwenye kifundo. Na barazani, chini ya tenga, alikuwepo kuku mweupe, naye mguu wake umefungwa vijiti.

Nikauliza, "Na huyu alianguka kwenye lori?"

Wote wakacheka, hata mgonjwa. Yule mzee wa mifupa nilimpa shikamoo yake, naye akanieleza desturi yao. "Mwanangu, mfupa wa mtu hausemi. Wa kuku unasema. Nimemvunja kuku mguu uleule, nimempaka dawa ileile. Siku huyu atakapotembea na kuchakura bila kuchechemea, ndiyo siku nitakayomfungua mumeo. Kabla ya hapo asiguse chini hata kwa ukucha."

Babu yenu alimpenda kuku yule. Aliagiza apelekewe makombo ya ugali wake, na asubuhi alimpigia kelele kutoka mkekani, "Umeamkaje, mgonjwa mwenzangu? Fanya haraka, mimi nina ngoma kwetu!"

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia. Mama mwenye nyumba hakuwepo tangu siku ya ajali, alikuwa kwenye matanga ya dada yake kijiji kingine. Hajui habari za kuku. Akarudi ameongozana na wageni, mimi niko mtoni nafua, mume wake yuko shambani. Mgeni hali mboga za majani siku ya kwanza, mnajua, hata kwetu ni hivyohivyo. Akatazama tenga, akamwona kuku kilema. Akasema, "Huyu anangoja nini?" Kuku akachinjwa.

Tulimla jioni ile. Babu yenu, kwa kuwa ndiye mgonjwa, alipewa paja. Akalisifu, akalamba mfupa mpaka ukang'aa.

Mume alipomweleza mkewe habari ya tenga, mama wa watu akaona amekwisha. Alfajiri akamshika kuku mwingine mweupe, akamfunga vijiti kwenye mguu mzima, akamfunika. Yule mzee alipokuja kukagua na kukata kamba, kuku alitoka kama jiwe la manati, akaruka uzio, akapanda juu ya banda na kuwika kwa ubishi ingawa ni jike. "Mashaallah!" mzee akasema, macho yamemlengalenga. "Tangu nianze kazi hii sijapata kuona uponyaji wa namna hii." Akamfungua babu yenu siku ileile na kumsimamisha.

Siku ya kuondoka mama yule alinivuta nyuma ya jiko. "Wifi, nisamehe. Kuku wa shemeji tulimla."

"Kuku gani?"

"Yule wa mguu. Na paja alilila mwenyewe."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikachungulia, nikamwona babu yenu anaelekea kwenye lori. Ta, akatua mguu mmoja. Wa pili haukutua, uliburutwa. Shwaa. Kicheko kikaisha mdomoni. Mama yule sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu. Nilimkumbatia, nikapanda lori.

Hapa Songea hospitali walimpiga picha ya mfupa. Nikaoneshwa kwenye mwanga wa dirisha: vipande viwili vya paja vimepishana na kushikana hivyohivyo, kama kuni mbili kwenye mzigo. Ndiyo maana mguu ulikuwa mfupi, nyonga imekaa upande, na goti limegoma kukunjika. Daktari akasema dawa yake ni kuvunja tena na kuuvuta.

Babu yenu akasema, "Daktari, kuku mwingine sina."

Nilimsihi pale hospitali, nikamsihi njiani, nikamsihi nyumbani. Niliutaka ule mwendo urudi. Sioni aibu kuandika hivyo. Akanisikiliza mpaka nikachoka, akasema, "Mke wangu, mimi nipo. Mwendo ndio umebaki Nalasi. Utachagua kipi?"

Basi nikaanza kazi. Kila jioni kabla ya chakula nilipasha mafuta ya nyonyo nikamkanda. Hapo ndipo nilipoisoma mifupa. Nyonga huzunguka ndani ya tundu lake kama mchi ndani ya kinu, ikipinda kidogo tu inasaga pembeni. Pia ya goti nayo huteleza chini ya kidole, ndiyo maana wanaiita pia, kama ile ya watoto. Ya kwake ilikuwa imeganda. Chini yake muundi, mfupa usio na nyama, unaojua maumivu ya kila kigoda. Halafu kifundo, kilichobeba deni la wenzake wote. Mfupa ukiharibika mmoja, viungo vyote vya jirani vinalipa. Akionja mboga alikuwa anasema, "Mchuzi huu una viungo vizima kuliko mimi."

Na nyumba yetu ilikuwa ya udongo, kama mnavyoiona. Kila Jumamosi nilikanda udongo mwekundu na majivu, nikasiriba sakafu ikawa laini kama shavu la mtoto. Jumapili alfajiri yeye anatoka chumbani kwenda kujiandaa na kanisa. Ta, shwaa. Ta, shwaa. Mstari huo, moja kwa moja mpaka mlangoni.

"Unanilimia nyumba!" nilimpigia kelele.

"Lete mbegu, nipande."

"Inua mguu!"

"Niuinue niuweke wapi, kichwani?"

Tuligombana hivyo miaka yote iliyobaki. Mimi nafukia, yeye anachimba. Na kila nilipoisikia ile shwaa, sikio langu lilikuwa linatafuta ta ya pili chini yake, ile iliyobaki Nalasi. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, mguu umenyooshwa njiani, na waliokwenda kukomunika wakauruka kama gogo. Wengine wakipiga magoti, yeye aliinamisha kichwa tu. Nilimtazama nikawa namkumbuka mtu ambaye amekaa palepale karibu yangu.

Homa ilimchukua kwa haraka. Tulimzika, matanga yakaanuliwa, watu wakaenda makwao. Jumamosi ya kwanza nikakanda udongo wangu kama kawaida, nikaanza kusiriba kutoka pembe ya chumba. Nilipofika kwenye mfereji mkono ukakataa. Nikakaa chini. Nikaweka kisigino changu ndani yake, kikaenea. Tangu siku hiyo nasiriba huku na huku, pale napaacha.

Nilidhani nitaulilia mwendo wa lizombe. Sivyo. Ule niliulilia akiwa hai, machozi yake yamekwisha. Ninachokitamani sasa ni kile nilichokuwa nakipigia kelele. Jirani akifagia uwanja wake alfajiri, ufagio wa njukuti unasema shwaa, na mimi mzee mzima nainuka kitandani, magoti yananilia kama vijiti vikavu, nabandika maji ya uji wa watu wawili. Mara nyingi nimekumbuka maji yakiwa yameshachemka.

Jana jioni fundi alikuja kupima. Akaona mfereji, akasema hapo panahitaji kufukiwa na kokoto kwanza. Mwanangu mkubwa akasema, "Mama, huu ni ufa tu. Mtu atakuja kuvunjika mguu hapa."

Niliwaita wote, wana, wakwe, wajukuu na fundi, wakasimama ukutani. Nikawaambia: "Pigeni saruji nyumba nzima, ukuta kwa ukuta. Lakini hapa fundi atapitisha mwiko huku na kule, katikati abakize udongo. Anayepita ainue mguu, ninyi mnaweza. Na yeyote atakayetia hata kokoto moja humu, atanitoa mimi kwanza. Mengine yote nyumbani humu ruksa. Hili si ruksa."