Mguu Gani? Maisha ya Perpetua Akurut wa Chakol

Perpetua Akurut alizaliwa mwaka 1930 karibu na Chakol, katika ukoo wa Wateso waliolima wimbi na kuchunga ng'ombe, akabatizwa angali akibebwa mgongoni. Kipaji chake kilionekana mapema. Wasichana wenzake walipokandika nyumba kwa udongo na mavi ya ng'ombe na kwenda zao, yeye alibaki akiupamba ukuta kwa majivu, masizi na udongo mwekundu, akitumia kijiti cha mkonge alichokitafuna ncha mpaka kikawa brashi. Alipokuwa mtu mzima alipeleka vyungu vyake sokoni Malaba na Busia. Zaitun, Mwislamu mwenye duka pale Busia, alipenda vyungu hivyo kiasi cha kumwekea bluu ya kufulia nguo, na Akurut akaikoroga na majivu akapata rangi ambayo hakuna ukuta mwingine wa upande ule uliokuwa nayo. Watu walimwita kufanya kazi kwao kabla ya kila harusi.

Mwaka 1959 ugonjwa ulimshika. Hakulala, alibishana na watu ambao wengine hawakuwaona, na siku moja alivua nguo zote katikati ya soko la Malaba. Mume wake alimrudisha kwa kaka yake, Ojakol. Yaliyofuata naona haya kuyaandika, lakini maisha ya watu watakatifu hayasimuliwi kwa kurukaruka. Ojakol alikata gogo zito, akalitoboa tundu, akamwingiza dada yake mguu wa kulia, akapigilia kigingi juu ya kifundo ili mguu usitoke, akakifunga kwa kamba ya katani. Watu wa huko hawakuliita gogo hilo kifungo. Waliliita mti. Ukiuliza habari za Akurut uliambiwa, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yuko kwa mti," kama vile mtu angesema yuko mtoni. Ojakol hakuwa mtu mkatili. Alimpelekea uji kila asubuhi na kumfukuzia inzi, na aliamini kwamba bila mti dada yake angekanyagwa na gari moshi.

Hali hiyo iliendelea kwa miaka. Ugonjwa ulikuja ukaenda, ila mti ulibaki. Na hapa ndipo ninaposhtuka kuliko popote, kwa sababu jambo hili lilitendwa na Wakristo, mchana, kwa nia njema. Kila kanisa la kigango chao lilipohitaji kukandikwa upya, akina mama walikwenda kwa Ojakol wakamwomba Akurut, kwa kuwa hakuna aliyejua ukuta kama yeye. Kigingi kilitolewa, Akurut akachechemea mpaka kanisani, akapamba siku nzima. Jioni walimshukuru, wakamrudisha mtini. Hakuna aliyeona kwamba mtu anayeweza kuchora maua mchana kutwa bila kumdhuru yeyote angeweza pia kulala akiwa huru.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1966 katekista Paulinus alipita kwa Ojakol baada ya ibada, maana alikuwa na desturi ya kuwapelekea wagonjwa Neno. Ibada zilikuwa zimeanza kusomwa kwa Kiswahili badala ya Kilatini, na Paulinus, ambaye Kiswahili alikijifunzia ukubwani, alimweleza Akurut kwa kifupi. "Leo ndio siku Yesu alitiwa kwa mti," akasema.

Akurut aliinua macho kutoka kwenye gogo. "Mguu gani?" akauliza.

Paulinus alidhani ni ugonjwa unaongea. Akamwekea ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akaenda.

Agosti mwaka huohuo askofu alitazamiwa kuja kutoa Kipaimara, na Akurut akafunguliwa ili aupambe ukuta wa nyuma ya altare. Aliomba mkeka utundikwe mbele yake asisumbuliwe, nao wakamkubalia. Jumamosi mchana Paulinus aliuondoa mkeka mbele ya waumini waliokuja kufagia. Walikuwa wametarajia misalaba na maua. Walimwona Bwana, mkubwa kuliko mtu, amevaa taji la miiba, ameketi chini kwenye udongo mwekundu, na mguu wake wa kulia umeingia ndani ya gogo. Kigingi kilionekana. Kamba ya katani ilionekana, na fundo lake lilikuwa fundo la Ojakol. Nyuma yake Akurut alikuwa amepaka ile bluu yote aliyokuwa nayo.

Mafagio yalisimama. Mama mmoja aliketi sakafuni akajifunika uso kwa leso. Paulinus alishika ndoo ya mavi ya ng'ombe ili aufute ukuta kabla askofu hajauona, kwa maana hayo kwake yalikuwa kufuru.

"Mwalimu," Akurut akamwambia, "wewe mwenyewe ndio ulisema alitiwa kwa mti. Mimi nikakuuliza mguu gani. Wewe ukaenda."

Paulinus aliiweka ndoo chini. Baadaye alikiri mbele ya kigango kizima kwamba hapo ndipo alipoelewa swali lile, na kwamba kwa umri wake wote wa kuwafundisha wengine mateso ya Bwana, hakuna aliyewahi kumwuliza jambo la kweli kama hilo. Ojakol, aliyekuwa miongoni mwa waliokuja kufagia, alitoka. Alikwenda nyumbani, akachukua shoka, akaupasua mti kuwa kuni, na majirani walisikia akilia huku akipasua. Askofu alipofika kesho yake alipiga magoti mbele ya ukuta, na aliposimama alikataza usifutwe.

Akurut alipelekwa hospitali, akapewa vidonge. Habari zilienea, watu wakaja hata kutoka ng'ambo ya mpaka, na wengi walisema ugonjwa ndio uliomfunulia picha ile. Wapo waliomsihi aache dawa ili achore nyingine. Jibu lake linakumbukwa: "Nikiwa mgonjwa mimi sichori. Mkono hautulii, udongo naona kama damu. Ile picha nilichora siku nilikuwa mzima. Ugonjwa haujawahi kunipa kitu." Ugonjwa ulimrudia mara mbili, na mara zote mbili Ojakol aliketi karibu naye akimshika mkono mpaka ulipopita. Akurut alifariki kwa homa ya mapafu mwezi wa Aprili 1968, akiwa huru, kitandani.

Mama mmoja wa Matayos anashuhudia kwamba binti yake, aliyekesha wiki nzima akipiga kelele, alilala usingizi mtulivu mbele ya ukuta ule. Kanisa halijatamka neno, nami nasimulia kama nilivyoambiwa. Naongeza tu niliyoyaona kwa macho yangu. Mwezi huu wa Agosti 1969 tulimfanyia Perpetua misa ya ukumbusho, ukuta umejaa maua, kisha tukaalikwa chakula katika boma la jirani. Nilipozunguka nyuma ya jiko kunawa mikono nilimkuta kijana ameketi chini, mguu wake ndani ya gogo. Mama yake alikuwa ametoka kuimba kwenye misa yetu. Nilimwita nikamwuliza anawezaje kumfunga mwanawe hivyo.

Akanijibu kwa upole, kama anayemweleza mgeni, "Huyu si kama Akurut, padri. Huyu hachori kitu."

Tulimfungua kabla ya kula. Wapendwa, nimewaandikia maisha haya ili mmwige Perpetua, na mmenisikia nikisifu rangi zake. Basi kabla hamjanunua rangi, zungukeni nyuma ya majiko yenu. Kijana yule anaitwa Omoding, na ni kweli, hajui kuchora.