Jembe la Kuazima

Kuna Jumamosi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka na kuumia kwa pamoja. Nilikuwa ndani ya mtaro nyuma ya nyumba zetu za mtaa wa Jericho, matope hadi magotini, jembe mkononi, peke yangu. Majirani walinichungulia madirishani. Hakuna aliyenisalimu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza, nilikokwenda kusomea kuchomelea vyuma. Mama yangu alifariki nikiwa huko. Marafiki wa utotoni walikuwa wamehama. Jioni nilipika sukumawiki yangu nikala nikitazama ukuta. Upweke usikie tu kwa wenzio! Nikaanza kupanga kurudi ughaibuni.

Kule nako nilifika mpweke, lakini mfereji uliniponya. Usicheke. Waingereza wa kale walichimba mifereji mirefu kwa mikono, wakapitisha mashua nyembamba za makaa ya mawe, farasi akizivuta huku anatembea ukingoni. Penye kilima walijenga malango. Mashua huingia, lango hufungwa, maji hujazwa, nayo hupanda polepole hadi juu. Reli ilipokuja, mifereji ikaachwa, ikajaa magodoro na baiskeli mbovu. Sasa zama zangu kulikuwa na watu, makarani na walimu, waliokwenda kila mwisho wa wiki kuzoa taka ile bila malipo, ili mashua zipite tena, hata kama ni za kutembeza watu tu. Nilisimama nikishangaa. Mzee mmoja akanipa sepetu yake, wala hakuniuliza natoka wapi. Tangu siku hiyo nikawa na watu.

Basi nikawaza: mtaro wetu umeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia majumbani. Nikiuzibua, nitapata watu hapa pia. Nikanunua jembe jipya, nikaingia. Wapi! Watoto wakanipachika jina, wakawa wananiamkia kwa kejeli, "Niaje, Mzungu wa Matope!" Wakubwa wakanong'ona kwamba nimerogwa, wengine kwamba nazika kitu.

Ndipo Jumamosi ile akaja Mama Atieno, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, rafiki wa marehemu mama. Akasimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Wewe mtoto, nani amekutuma?"

"Hakuna, Mama. Nasaidia mtaa."

"Mtaa gani? Umebisha mlango wa nani? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe mtu hupewa! Wewe umejipa mwenyewe, halafu unanuna eti hatuji. Toka huko. Hilo lako lifiche uvunguni, uende ukaazime."

Maneno yale yalinichoma. Kuazima, na langu lipo? Lakini mkubwa hapingwi, nikaenda.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na Mzee Kamau, fundi viatu. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtaja mama, aliufungua mlango wote.

"Mama yako alikesha nasi nilipofiwa," akasema. Akatoa jembe, akalikagua, kisha akalirudisha nyuma ya mlango. "Mpini wake umelegea. Acha, nitakuja nalo mwenyewe."

Ehe, mwanangu, nililia pale pale mlangoni, mwanamume mzima. Mlango wa pili nilipewa chai kabla sijasema shida yangu. Jumamosi iliyofuata tulijaa mtaroni tukigombania nafasi ya kusimama, na Mama Atieno akatuletea uji huku akitukemea kwamba tunarushia matope nguo zake kambani. Sikurudi ughaibuni.

Nakwambia haya kwa sababu umehamia mtaa wa Fedha juzi, na kila ukinipigia simu unasema majirani hawana utu. Umebisha wapi? Kutenda wema ni kuzuri, lakini wema wa mtu aliyejitenga huwatia watu shaka. Anza kwa kuomba. Omba ngazi, omba chumvi, hata kama unayo, Mungu atakusamehe. Aliyekuazima kitu chake atakuja kukifuata. Akija, usimpe mlangoni. Mkaribishe aketi.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akuonyeshe mlango wa kubisha, na nyuma yake akuwekee mtu asiye na haraka.